Tafiti za Tarime na Serengeti Zipo: Jinsi ya Kuzitafuta Hadi Uzipate

Mwaka 2009 jarida la PLoS Biology lilitoa makala kuhusu kichaa cha mbwa ambayo hadi leo hutajwa kila wanapokutana watu wanaotaka kuutokomeza ugonjwa huo duniani. Takwimu zake zilikusanywa Wilaya ya Serengeti na kwa jirani yake Ngorongoro. Watafiti, wakiongozwa na Katie Hampson, walifuatilia tukio moja moja: mbwa gani kamng'ata nani, alitokea boma gani, na yeye mwenyewe aling'atwa na mnyama gani kabla ya hapo. Waliojibu maswali hayo ni wananchi wa vijijini. Kwa majibu yao ilidhihirika kwamba virusi vya ugonjwa huo huenea polepole kiasi kwamba kuchanja mbwa wa kutosha kunaweza kuvikomesha.

Makala hiyo inasomeka bure mtandaoni. Hata hivyo tabibu wa kituo cha afya huko huko Serengeti, anayempokea mtoto mwenye jeraha la meno ya mbwa, anaweza kufanya kazi miaka mingi asiione, kwa sababu tu hakuna aliyemwonyesha pa kuitafuta. Ndivyo ilivyo pia kwa mwalimu wa Tarime anayetaka ushahidi kuhusu ukeketaji, kwa ofisa mifugo wa Mugumu wilayani Serengeti, na kwa mwanafunzi wa uuguzi anayehangaika na ripoti yake ya mwisho.

Nawaandikia hao. Na kabla ya lolote jingine nataka wajue kwamba katika kutafuta tafiti za Mkoa wa Mara, mwenyeji ana mtaji ambao profesa wa London hana. Hifadhidata hutafuta maneno, na maneno ya mahali anayajua mtu wa mahali: wilaya iliitwaje zamani, kabila linaandikwa kwa tahajia ngapi, kijiji fulani leo kiko upande gani wa mpaka. Sehemu iliyobaki ni ufundi, na ufundi huo mtu anaweza kuujifunza alasiri moja akiwa na simu na bando dogo.

Hifadhidata ninayoizungumzia zaidi ni PubMed. Inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na tangu mwaka 1997 imekuwa wazi kwa yeyote bila malipo na bila kujisajili. Ina kumbukumbu zaidi ya milioni 35 za makala za tiba na sayansi za uhai. Nasema kumbukumbu, maana wengi hukata tamaa hapo mwanzoni: PubMed inakupa kichwa cha makala, waandishi, jarida, mwaka, na kwa kawaida ikisiri, yaani muhtasari wa aya moja au mbili. Makala nzima huwa mahali pengine. Ndugu yake, PubMed Central, iliyoanza mwaka 2000, ndiyo inayotunza makala kamili zinazosomwa bure. Anwani ni pubmed.ncbi.nlm.nih.gov, na kurasa zake ni maandishi zaidi kuliko picha, kwa hiyo hazili bando sana.

Usianze kwa kuandika neno kwenye kisanduku. Anza na karatasi. Andika swali lako kwa Kiswahili, sentensi moja, kama ambavyo ungemuuliza mwenzako zamu ya usiku. Tuseme: "Mbwa wakichanjwa kila mwaka vijijini, watu wanaong'atwa wanapungua?" Au: "Mama mjamzito anayeishi karibu na machimbo madogo ya dhahabu, je, ana zebaki mwilini?" Sasa pigia mstari maneno yanayobeba swali. Katika la kwanza ni mbwa, chanjo, kung'atwa. Katika la pili ni ujauzito, uchimbaji mdogo, zebaki. Hayo ndiyo utakayoyatafutia Kiingereza chake, kwa kuwa PubMed haielewi Kiswahili. Maneno kama athari, nafasi, umuhimu na changamoto yaache kwenye karatasi. Ukiyaingiza, mashine itadai makala iwe na maneno hayo, na makala nzuri isiyoyatumia itakupita.

Nina sababu ya kusisitiza karatasi. Mtu akianza moja kwa moja kwenye skrini, swali lake hubadilika kufuata matokeo yanayojitokeza. Aliyetafuta habari za mbwa wa Natta anajikuta saa moja baadaye anasoma kuhusu popo wa Amerika ya Kusini.

Tuje kwenye majina ya mahali, ambako nitakaa kidogo.

Wilaya ya Tarime ya leo, pamoja na Rorya iliyokatwa kutoka kwake mwaka 2007, zamani iliandikwa "North Mara". Jina hilo siku hizi watu hulihusisha na mgodi, lakini katika majarida ya tiba lina historia yake. Mwaka 1973 jarida la British Journal of Cancer lilichapisha kazi ya Glen Brubaker, daktari wa hospitali ya Shirati, pamoja na wenzake Geser na Pike, kuhusu saratani ya Burkitt katika wilaya ya "North Mara" kati ya mwaka 1964 na 1970. Hiyo ni saratani ya watoto ambayo mara nyingi huvimbisha taya, na ambayo Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Baadaye, kuanzia mwaka 1977, watoto wa wilaya hiyo waligawiwa klorokwini kwa miaka kadhaa ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza saratani hiyo. Matokeo yalitoka mwaka 1989 katika American Journal of Epidemiology. Katikati ya hapo, mwaka 1983, MacCormack na Lwihula waliandika kwa nini baadhi ya familia hazikushiriki mpango huo wa dawa.

Tazama basi kinachompata mwanafunzi wa leo kutoka Shirati. Anajua kwao ni Rorya, anaandika "Rorya", anapata makala chache za miaka ya karibuni, na anaandika kwenye ripoti yake kwamba hakuna tafiti za zamani. Zipo. Ziko chini ya jina ambalo bibi yake angemtajia papo hapo.

Ukitafuta mambo ya kabla ya mwaka 1964, jina la nchi lenyewe hubadilika, kwa hiyo ongeza "Tanganyika".

Jina "Mara" peke yake ni mtego. Litakuletea Masai Mara ya Kenya, Mto Mara, waandishi ambao jina lao ni Mara, na mradi wa kuchora ramani ya malaria barani Afrika ambao kifupi chake kilikuwa MARA. Dawa yake ni alama za kunukuu: andika "Mara Region", maneno mawili yakiwa ndani ya alama hizo, na PubMed itatafuta maneno hayo yakiwa yamefuatana. Mara nyingine itakuonya, kwa maandishi juu ya matokeo, kwamba haikuukuta msemo huo kwenye orodha yake. Ikitokea hivyo, fahamu kuwa imeyavunja maneno na kuyatafuta moja moja, na unayoyaona siyo uliyoyaomba.

"Serengeti" nalo lina shida yake. Wanasayansi wengi wakisema Serengeti wanamaanisha nyika yote ya nyumbu na simba, hifadhi pamoja na mapori yanayoizunguka hadi upande wa Kenya. "Serengeti District" katika alama za kunukuu hukupeleka karibu zaidi na Mugumu. Hata hivyo usiitegemee hiyo tu, maana zipo tafiti nzuri za watu na mifugo yao zinazosema "Serengeti ecosystem" na kuishia hapo.

Majina ya watu na koo yanahitaji subira. Wakuria wameandikwa Kuria, Kurya, Abakuria na Bakuria. Na Kuria ni jina la kawaida la mtu miongoni mwa Wakikuyu, kwa hiyo ukiliandika ovyo utapata makala za madaktari wa Nairobi zisizohusu Tarime hata kidogo. Ili kuiambia PubMed kwamba unalitaka neno hilo ndani ya kichwa au ikisiri tu, siyo kwenye orodha ya waandishi, ongeza mara baada yake herufi tiab ndani ya mabano ya mraba. Wanatta wameandikwa kwa t moja na kwa t mbili, Waissenye wameandikwa Ishenyi, Wangoreme wameandikwa Ngurimi. Jaribu zote. Na usisahau kwamba Wakuria wako pande mbili za mpaka: utafiti uliofanyika Kehancha au mahali pengine Kaunti ya Migori unaweza kumfaa mtu wa Sirari kuliko utafiti wa Dodoma.

Kuna majina mapana pia. Watafiti wengi hawataji wilaya kwenye kichwa. Huandika "northern Tanzania", "northwestern Tanzania", "Lake Zone" au "Lake Victoria". Elias Nyanza wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya cha Kikatoliki, Bugando, na wenzake walichapisha mwaka 2019 katika Environmental Research utafiti wa zebaki na aseniki kwa kina mama wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo. Kichwa chake kinasema "Northern Tanzania". Anayetafuta kwa "Nyamongo" tu, jina la eneo la machimbo huko Tarime, hataiona, wakati swali lake na swali la utafiti huo ni moja.

Kwa hiyo tengeneza mnyororo wa majina mara moja, uuhifadhi kwenye simu, uubandike kila unapotafuta. Wangu ungekuwa hivi:

(Tarime OR Rorya OR "North Mara" OR "Mara Region" OR "Serengeti District" OR Mugumu OR Nyamongo OR Musoma)

Neno OR linamaanisha "au", yaani jina lolote kati ya hayo likionekana, makala iletwe. Neno AND linamaanisha "na", yaani vyote viwili viwepo. Yaandike kwa herufi kubwa. Mabano ni ya lazima, kwa kuwa PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na bila mabano itaunganisha vitu visivyopaswa kuungana.

Sasa majina ya magonjwa. Hapo maktaba imekusaidia. Ina orodha rasmi ya istilahi iitwayo MeSH, na makala nyingi hubandikwa istilahi hizo bila kujali mwandishi alitumia neno gani. Ukeketaji ni mfano mzuri. Mwandishi mmoja anasema "female genital mutilation", mwingine "female genital cutting", mwingine "female circumcision", na kila uchaguzi unabeba msimamo wake. Kichwa cha MeSH kilichotumika kwa miaka mingi ni "Circumcision, Female". Wengi wetu hatulipendi neno hilo, na tuna haki, kwa kuwa linafananisha jambo hilo na tohara ya wavulana. Lakini anayetafuta ushahidi wa kumlinda msichana wa Masanga au Nyamwaga asiliruke, maana chini yake zimekusanywa makala ambazo asingezipata kwa neno analolipenda.

Vilevile malale: kwenye MeSH ni "Trypanosomiasis, African", lakini waandishi husema "sleeping sickness". Ukitafuta kwa Serengeti utakutana na habari za watalii walioumwa baada ya kutembelea hifadhi mwaka 2001, kisha makala ya Magai Kaare na wenzake ya mwaka 2007 inayouliza kama ugonjwa huo unarudi Serengeti. Ona jinsi mzungu aliyeumwa na mbung'o akiwa likizo anavyoweza kupata ripoti za kitabibu nyingi kuliko mchunga ng'ombe wa Robanda. Ukitaka habari za wakazi, ongeza maneno kama "cattle", "livestock" au "village".

Siyo kila makala ina istilahi za MeSH. Zile zinazoingia PubMed kupitia PubMed Central pekee, na baadhi ya mpya kabisa, hukosa. Kwa hiyo tumia istilahi rasmi na maneno ya kawaida pamoja, ukiyaunganisha kwa OR.

Tufanye zoezi zima la mbwa. Andika kwanza "rabies" tu, bila kitu kingine. Matokeo ni maelfu kwa maelfu, ya dunia nzima, na ukurasa unaonyesha 10 kwa wakati mmoja. Ongeza AND Tanzania. Orodha inashuka hadi kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukipitia vichwa vyake kwa jioni chache. Ondoa Tanzania, ubandike mnyororo wako wa majina. Orodha inakuwa fupi, na majina ya waandishi yanaanza kujirudia: Hampson, Cleaveland, Lembo, Kaare, Lankester. Kujirudia huko ni ishara kwamba umefika kwenye kundi linalofanya kazi hiyo hasa. Kama unataka habari za chanjo ya mbwa tu, ongeza AND, kisha mabano yenye dog OR dogs, kisha AND vaccinat* pamoja na nyota yake. Nyota inamaanisha neno liishie vyovyote: "vaccination", "vaccinated", "vaccinating".

Utakutana na makala ya mwaka 2003 ya jarida la Vaccine kuhusu kampeni ya kuchanja mbwa vijijini na jinsi kichaa cha mbwa na majeraha ya watu yalivyopungua. Iliandikwa kutokana na kazi ya Wilaya ya Serengeti. Fungua kumbukumbu yake, ushuke chini polepole. Kuna orodha ya makala zinazofanana nayo, na orodha ya makala za baadaye zilizoitaja. Chini zaidi ziko istilahi za MeSH ilizobandikwa. Ndipo ninapopapenda kuliko pote, kwa sababu makala moja nzuri inakufundisha maneno ya kutafutia nyingine, na inakuonyesha walioendeleza hoja yake. Ukifuata mlolongo huo mbele utaufikia utafiti wa Rebecca Mancy na wenzake katika jarida la Science, mwaka 2022, uliotumia kumbukumbu za zaidi ya miaka 10 za kung'atana kwa wanyama wa Serengeti kueleza kwa nini kichaa cha mbwa hakizimiki chenyewe ingawa wagonjwa wake ni wachache.

Kama matokeo yanakushangaza, bonyeza "Advanced" chini ya kisanduku, ufungue maelezo ya utafutaji wako. Utaona jinsi PubMed ilivyoyatafsiri maneno yako, na mara nyingi kosa litajionyesha lenyewe: bano lililosahaulika, au neno lililogeuzwa kuwa kitu kingine.

Machujio yaliyo pembeni (kwenye simu yamefichwa chini ya kitufe kimoja) hayahitaji maelezo marefu. Kuna la miaka, la makala zinazosomwa bure, la mapitio ya kimfumo, la majaribio ya kitabibu. Ushauri wangu ni mmoja: usichague "bure tu" mapema. Utajinyima kujua kilichopo, na nitaeleza hivi punde jinsi ya kupata visivyo vya bure.

Kuwa mwangalifu zaidi na neno NOT. Mtu aliyechoshwa na simba anaandika NOT lions. Makala ya mbwa wa vijijini ambayo ikisiri yake inataja kwa sentensi moja kwamba ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994 inafutika papo hapo, na yeye hajui imefutika.

Ukishapata, soma ikisiri hadi mwisho. Utafiti wa klorokwini wa "North Mara" ni somo la kutosha. Anayesoma nusu atasema: dawa ilipunguza malaria, na saratani ya Burkitt ikapungua, basi imethibitika. Anayemaliza atakuta kwamba saratani ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa kugawiwa, na waandishi wenyewe wanakiri kwamba kwa sababu hiyo ushahidi wao si wa kukata shauri. Uaminifu wa namna hiyo ndio unaonifanya niiheshimu kazi ile, na anayeinukuu anapaswa kuwa mwaminifu vivyo hivyo.

Angalia mwaka pia. Kuhusu chanjo ya mtu aliyeng'atwa, utakuta makala za dozi nyingi zinazochukua mwezi mzima. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limekubali ratiba ya wiki moja ya sindano za ndani ya ngozi, sehemu mbili za mwili, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Makala ya mwaka 1995 haikukosea. Ilisema ya wakati wake. Na hata makala mpya kabisa haikupi ruhusa ya kubadilisha matibabu kwa uamuzi wako. Mwongozo wa Wizara ya Afya ndio wa kufuata, na makala unayoiamini ipeleke kwa mganga mfawidhi au Mganga Mkuu wa Wilaya mkaijadili. Jambo ambalo halijabadilika ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, mara moja, kabla ya safari ya hospitali.

Kuwepo ndani ya PubMed si cheti cha ubora. Majarida dhaifu yamo, na makala zilizofutwa na wachapishaji hubaki zikiwa na tangazo la wazi juu yake. Lisome tangazo hilo kabla ya kunukuu.

Sasa jinsi ya kuisoma makala nzima. Ukiona kitufe cha PubMed Central, umemaliza. Kazi ya Brubaker ya mwaka 1973 imo humo, kurasa zake zikiwa zimepigwa picha. Ukikutana na ukuta wa malipo, usilipe. Chuo, hospitali au ofisi ya umma ya Tanzania inaweza kujisajili Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, ili nchi kama yetu zisome majarida bila gharama. Usajili ni wa taasisi, siyo wa mtu binafsi, kwa hiyo muulize mkutubi wa chuo chako au msimamizi wa hospitali kama nywila ipo. Kama haipo, omba taasisi yako ijisajili. Njia ya mwisho ni kumwandikia mwandishi: anwani yake ya barua pepe mara nyingi iko kwenye ukurasa wa makala. Jitambulishe, sema unafanya kazi wapi, taja kichwa cha makala, omba nakala. Mtafiti aliyekusanya takwimu zake Serengeti hufurahi kusikia kwamba mtu wa Serengeti anataka kuzisoma.

Na vipi ukitafuta kwa njia zote hizi usipate? Usihitimishe kwamba jambo halipo. PubMed haina kila kitu, na kuhusu Mara upungufu huo ni mkubwa. Mwaka 2009 ilitoka ripoti ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa chuo kikuu cha sayansi za uhai cha Norway waliopima madini mazito kwenye udongo, tope na maji karibu na migodi ya Geita na North Mara. Ripoti za namna hiyo hukaa kwenye tovuti za vyuo, za makanisa na za mashirika, nje ya hifadhidata za tiba. Kiwango cha ukeketaji kiko kwenye ripoti za utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu: ule wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Majarida ya Afrika, likiwemo la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, hupatikana vizuri kupitia African Journals Online. Tasnifu za wanafunzi ziko kwenye hazina za mtandaoni za Muhimbili, Sokoine na Dar es Salaam. Google Scholar hukusanya mengi ya hayo, ingawa haichagui wala haipangi kwa umakini wa PubMed. Itumie baadaye, pamoja na ule mnyororo wako wa majina.

Pengine ukosefu uko kwenye kuhesabu kwenyewe. Mwaka 2002 Sarah Cleaveland na wenzake walikadiria, kutokana na majeraha ya kung'atwa na mbwa, kwamba kichaa cha mbwa huua Watanzania wapatao 1,499 kwa mwaka. Vifo vilivyokuwa vikiripotiwa rasmi vilikuwa wastani wa 10.8. Kwa hiyo takwimu ndogo ya wilaya isikutulize hadi umejua ilihesabiwa wapi: hospitalini, au majumbani.

Kuhusu programu za akili mnemba zinazojibu maswali, zinaweza kukusaidia kupata Kiingereza cha neno la Kiswahili. Usizipe kazi ya kukuletea marejeo na kuyaamini hivyo hivyo, kwa kuwa hutunga makala zisizokuwepo, zenye majina ya waandishi wa kweli na majarida ya kweli. Kila kumbukumbu ya PubMed ina namba yake, iitwayo PMID. Iandike namba hiyo kwenye kisanduku. Kama haikuleta makala uliyotajiwa, makala hiyo usiinukuu. Namba hizo ndizo za kuandika kwenye daftari lako, pamoja na tarehe uliyotafuta na mnyororo wa maneno kama ulivyouandika, ili mwenzako au msimamizi wako aweze kurudia.

Utafutaji uliokupa matokeo mazuri usiuache upotee. Fungua akaunti ya bure, bonyeza "Create alert" chini ya kisanduku, chagua kila mwezi, na makala mpya inayotaja Tarime au Mugumu itakufuata kwenye barua pepe.

Na siku utakapoandika wewe, iwe ripoti ya chuo, ya wilaya au makala ya jarida, taja mahali kwa jina lake ndani ya kichwa au ikisiri: Tarime, Rorya, Serengeti, na kata ikiwezekana, mradi usimfichue mgonjwa. Ukiandika "kaskazini mwa Tanzania" pekee, muuguzi wa Nyamwaga atakayetafuta miaka 20 ijayo hataiona kazi yako.